Ufito wa Fundi Kombo

Siku ya tatu baada ya kumzika Fundi Kombo, watu walipokwisha kusoma khitma na kula na kuanza kutafuta viatu vyao mlangoni, binti yake Mwanaisha alinishika mkono akanipeleka kwenye banda la uani, nyuma ya nyumba yao ya Acocks Green, akanionyesha furushi la fito lililofungwa kwa waya mwekundu. Zilikuwa kama kumi na tano, nyembamba, zimekwanguliwa zikawa laini, kila mmoja una chale za kisu upande mmoja au pande zote mbili. Mwanaisha ni muuguzi, mtu wa kupanga vitu. Alikuwa ameshaandaa mifuko mitatu, wa kubaki, wa kugawa na wa kutupa. Aliniuliza kwa Kiingereza, maana hawa waliozaliwa jiji hili la Birmingham wanatuelewa neno kwa neno na wanatujibu kwa lugha yao, "Anko, hizi ni nini? Niziweke mfuko gani?" Nilizijua. Niliutoa mmoja bila kutafuta, ule mrefu kuliko zote, wenye doa la grisi ambalo sasa limekuwa kama sehemu ya mti wenyewe. Nikamwambia anipe muda kidogo. Nimekuwa nikijipa muda kidogo kwa zaidi ya miaka hamsini.

Sitasimulia nilizaliwa na nani kule Tanga wala nilivyofika Uingereza. Kila mzee wa umri wangu anayo hadithi hiyo na wajukuu wameshaichoka. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja, ule ulioanza na baridi ya mgomo wa wachimba makaa, umeme ukikatwa kwa zamu, mtaa huu leo, mtaa ule kesho. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nasoma uhandisi wa mitambo mwaka wa pili, na nilikuwa mtu wa kuchosha. Nilihoji kila kitu. Nilimhoji mhadhiri kwa nini fomula yake inaanza na dhana asiyoithibitisha. Nilimhoji mama mwenye nyumba kwa nini maji ya moto yapatikane Ijumaa tu. Nilimhoji imamu hadi akaniambia kwa upole kwamba kuna msikiti mwingine karibu zaidi na chuo. Nilidhani kuhoji ndio ujasiri wenyewe. Sikuwa nimegundua kwamba yapo maswali ambayo mhoji wa aina yangu hayagusi kabisa, nayo ni yale yanayomhusu yeye.

Kombo alipanga chumba kilichotazamana na changu, juu kabisa ya nyumba, chini ya paa. Alikuwa mtu wa Mombasa, miaka thelathini na sita hivi, mfupi, mabega mapana, mikono yenye makovu madogo ya cheche. Mimi nilimwita Fundi, yeye akaniita Msomi, na mwanzoni hakukuwa na sumu yoyote katika jina hilo. Tulipika pamoja kwenye jiko la mafuta la chumba chake, kwa sababu chake kilikuwa na dirisha linalofunguka: wali, na samaki wa kopo waliopikwa na nazi ya mche tuliyoinunua kwa Wahindi Balsall Heath. Kombo aliikata nazi ile kwa kisu na kila mara alisema vilevile, "Nazi ya kukatwa kama sabuni. Mamangu akiniona atalia." Kisha anakula sahani mbili. Treni ikipita kuelekea stesheni, vijiko vilitetemeka mezani, naye huweka kiganja juu ya meza mpaka ipite, kama anayempima mtoto homa. Nilimuuliza anafanya nini. "Nasikiza," akasema. "Behewa la tatu springi yake imekufa." Nikacheka. Nikamwambia hawezi kujua hilo. "Basi usiamini," akasema, akaendelea kula.

Alifanya kazi kwenye gereji moja huko Shard End, ukingoni mwa jiji, mwendo wa mabasi mawili. Mwenye gereji alikuwa Mwingereza mnene mwenye kikohozi. Wote walimwita Gafa, kama watu wa Birmingham wanavyomwita mwajiri wao, nami sina sababu ya kumpa jina jingine. Siku moja umeme ulikatwa chuoni, maktaba ikafungwa saa nane mchana, nikaenda huko kwa kukosa pa kwenda. Ndipo nilipoliona gari. Lilikuwa la Kimarekani, milango miwili, refu kama mtumbwi, rangi ya chungwa iliyopauka, injini ya silinda nane, usukani kushoto. Mwanajeshi wa anga wa Kimarekani alikuwa amelileta akaondoka akaliacha. Gafa alilichukua kwa ajili ya mbio za robo maili: magari mawili yanasimama sambamba kwenye njia ya ndege ya zamani ya kijeshi, taa ikiwaka yanaondoka, na kabla hujamaliza kuvuta pumzi mbili tatu imekwisha. Mshindi ni yule anayejua kuondoka. Na gari lile halikujua kuondoka.

Keith, mpwa wa Gafa, ndiye aliyeliendesha msimu uliotangulia. Kila alipoachia klachi, matairi ya nyuma yalirukaruka kama mbuzi, gari likatikisika mpaka meno yakagongana, na wenzake wakawa wameshakwenda. Walikuwa wamebadilisha injini mara mbili. Kombo aliwatazama wakifanya hivyo, akanyamaza, kwani hakuna aliyemuuliza. Siku moja Gafa alichoka akamuuliza. Kombo akamwambia injini haina kosa, kosa liko nyuma. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelitazamia: atalitengeneza, lakini akilitengeneza, ataliendesha yeye kwenye mbio za mwisho wa Agosti. Niliambiwa kwamba Gafa alisema, mbele ya wote, "Lishushe chini ya sekunde kumi na tatu, Kombo, na kiti ni chako. Nimetoa neno langu." Huko Mombasa Kombo alikuwa ametengeneza malori ya watu kwa miaka kumi na miwili, na magari mawili matatu ya mashindano, na hajawahi hata mara moja kukaa kwenye kiti cha gari alilolinoa yeye. Huo ndio uliokuwa moyo wake mwaka ule. Alitaka kukaa kwenye kiti. Hakutaka kitu kingine.

Nitaeleza kazi yenyewe, maana ndiyo iliyotufanya tupendane. Springi za nyuma za gari lile zilikuwa za mabapa, vyuma virefu vyembamba vilivyolala kimoja juu ya kingine, na ekseli imefungwa katikati yake. Ukiachia klachi, injini inasukuma matairi mbele kupitia mhimili mrefu wa propela, lakini matairi nayo yanaisukuma ekseli ijizungushe kinyume; pua ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, inainuka, springi inajipinda kama herufi S, halafu inafyatuka na kurudi, inajipinda tena, na huko ndiko kurukaruka. Niliyasoma hayo chuoni kwenye ukurasa mmoja na nusu. Kombo aliyafanya kwa miezi mitatu akiwa amelala kwenye gunia sakafuni, mimi nimeshika taa. Aliyafunga mabapa kwa nguvu mbele ya ekseli, akayalegeza nyuma yake. Alichonga kabari za chuma akaziweka chini ya ekseli ili pua ya difu itazame chini kidogo. Chini ya kila springi aliweka nondo ya chuma yenye kichwa cha mpira, ikae karibu na springi bila kuigusa, ili ekseli ikitaka kujizungusha mpira uizuie. Na upande wa kulia akaongeza bapa moja fupi ambalo kushoto halikuwepo.

"Kwa nini kulia tu?" nikamuuliza. "Gari lina pande mbili."

"Nani alokwambia pande mbili ziko sawa?"

"Nimezipima."

"Ulipima likiwa limelala. Likiamka je?" Akatoka chini ya gari, akakaa, akaniegemezea viganja vyake viwili mabegani kwa nyuma. "Wewe ndo ekseli. Mimi propela, nakuzungusha hivi." Akanipinda. Bega langu la kulia likainuka. "Waona? Tairi la kulia lataka kuruka. La kushoto lajikandamiza. Na huyu Mmarekani kamkalisha dereva papo hapo kushoto, uzito juu ya uzito. Sasa weye wataka nifanye sawa sawa, ili iweje?"

"Nataka uthibitisho."

"Uthibitisho ni bega lako, yakhe. Laniuma mie lisikuume weye?"

Nilimuuliza hivyo kila siku, kwa nini hiki, kwa nini si kile, na nilidhani namsumbua. Baadaye sana nilielewa kwamba katika nchi hii, kwa miaka minane, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Kombo kwa nini. Walimwambia fanya, au acha. Alirudi nyumbani kwenye basi akiwa bado anajibu maswali yangu, akichora kwa kidole kwenye kioo chenye ukungu, watu wakitukodolea macho. Kuna jioni alibisha mlango wangu nikiwa nimeshalala kitandani na kitabu, akasimama mlangoni na kanga kiunoni akasema, "Lile swali lako la shokapu. Lilikuwa zuri. Mie nilikosea," kisha akaenda zake.

Vipimo vyote aliviweka kwenye ufito. Hakutumia futi kamba wala rula. Alikwangua ufito mmoja kwa kila gari, na kila alipopata kipimo alichoridhika nacho aliusimamisha, akautia chale kwa kisu kidogo: chale ya kimo cha bodi kulia, ya kimo kushoto, ya pua ya difu kutoka sakafuni, ya nafasi kati ya mpira na springi, upande huu na upande ule. Nilimwambia hayo ni mambo ya kale. Akaniambia kwamba katika karakana aliyojifunzia huko Mombasa, ufito hakai nao mwenye gari. Fundi akiondoka, anaondoka na ufito wake, na mwenye gari akitaka gari liwe kama lilivyokuwa, amtafute fundi. "Na fundi akifa?" nikauliza. "Kabla hajafa humpa mtu aushike," akasema, akanipa ufito niushike. Nilidhani ananipa kwa sababu mikono yake ilikuwa na grisi.

Nilitoa rula yangu na daftari langu la jalada jeusi, nikavigeuza vipimo vyote kuwa inchi. Hakunikataza. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto akiandika jina lake kwa mara ya kwanza. Kwenye mwisho wa ufito, peke yake, mbali na nyingine zote, palikuwa na chale moja ambayo sikuielewa. Haikulingana na kitu chochote chini ya gari lile, na nilikuwa nimeshapima kila kitu.

"Na hii?"

"Hiyo utaijua Agosti."

"Kwa nini nisiijue leo?"

"Kwa sababu wapenda sana kujua," akasema, na meno yake yote yakaonekana. Nikaandika kwenye daftari, inchi thelathini na nane na robo, na mbele yake nikaweka alama ya kuuliza.

Mwezi wa Juni walilipeleka gari kwenye majaribio, Keith akiendesha, maana Agosti ilikuwa bado. Liliondoka kama limesukumwa na mkono mmoja mkubwa. Halikurukaruka hata mara moja. Sekunde kumi na mbili nukta tisa. Kombo alipiga magoti nyuma ya mstari akaitazama michirizi miwili ya mpira barabarani, kulia na kushoto, imekolea sawasawa, akagusa ule wa kulia kwa kidole. Gafa alikuja akanipiga mgongoni mimi. Akaniuliza nasoma nini chuoni, ingawa nilishamwambia mara tatu, kisha akasema kwamba ana rafiki katika kiwanda kikubwa, idara ya usanifu, na kwamba kijana kama mimi akiwa na barua nzuri anaweza kupata nafasi ya mafunzo. Akaniuliza kama naweza kuviweka vipimo vile kwenye karatasi, kwa utaratibu, mchoro wa kweli, "kwa ajili ya kumbukumbu." Nilikaa siku mbili kwenye meza ya chuo. Nilichora kwa wino, mtazamo wa ubavuni na wa nyuma, kila inchi mahali pake, na chini kulia, kama tulivyofundishwa, nikaandika jina la mchoraji. Langu. Gafa aliubandika ukutani juu ya jiko la chai. Kombo alipouona alisimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma. "Umeandika vizuri, Msomi," akasema. Kisha akanawa mikono, akatoka kwenda kusali.

Chumba cha chai kilitenganishwa na ofisi ya Gafa kwa ubao mwembamba. Humo ndimo tulimokula mchana. Wao nyama ya nguruwe na mkate, sisi mayai, na Kombo alikuwa na kikaango chake mwenyewe, kimefungwa waya mwekundu kwenye mpini ili asikitumie mwingine. Katikati ya Agosti nilikuwa nimekaa humo peke yangu, nakula mkate wa kuchoma, Kombo yuko uani. Nikasikia sauti ya Keith upande wa pili ikisema kwamba wenzake wanamcheka, kwamba hawezi kukaa pembeni akamtazama yule akiendesha gari la familia. Gafa akakohoa. Akasema ametoa neno. Keith akasema neno alilitoa wakati hawakujua jinsi ya kuliweka gari sawa, na sasa wanajua, liko ukutani, mtu yeyote mwenye spana anaweza kulifuata. Halafu Gafa, kwa uchovu, kama mtu anayekubali mvua: "Basi subiri mpaka wiki ya mwisho. Sitaki anune akiwa bado ana kazi ya kumaliza. Baada ya hapo sitamhitaji hata hapa gereji." Halafu akaongeza, "Na yule kijana usimwambie kitu. Barua yake nimeshaiandika."

Niliumaliza ule mkate. Nakumbuka hilo vizuri kuliko kitu kingine chochote. Wiki mbili zilibaki. Nilijiambia kwamba sikusikia vizuri, kwamba ubao ulikuwa kati yetu, kwamba hitimisho lisilo na ushahidi wa kutosha si hitimisho. Mimi niliyekuwa nimekataa kuamini springi ya behewa la tatu, sasa nilidai uthibitisho kwa jambo nililolisikia kwa masikio yangu mawili. Na barua sikuiuliza. Ilikuja kwa posta siku tatu baadaye, nikaiweka chini ya godoro.

Jumapili iliyofuata Kombo alipika pilau, kitu ambacho hakukifanya ila kwenye Sikukuu. Tulipomaliza kula alitoa boksi chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na viatu, vyeusi, vya ngozi laini, soli nyembamba kama kaki. Alikuwa amevitafuta sokoni Bull Ring Jumamosi nzima. "Klachi ile nzito," akasema, "ukiwa na soli nene huijui inaanzia wapi kushika. Hivi, mguu wasikia." Akavivaa, akakaa kwenye kiti, akaukanyaga mguu wa kushoto wa meza polepole, akaachia, akakanyaga tena, akaachia, macho yamefumba. Chini mama mwenye nyumba alikuwa anasikiliza redio. "Waonaje?" akaniuliza.

"Vizuri," nikasema. "Vinakupendeza, Fundi."

Ijumaa ya wiki ya mwisho walimwambia. Sikuwepo; nilikuwa nimejipangia kutokuwepo. Nilirudi nyumbani nikakuta mlango wake wazi, amekaa kitandani, na mezani pana kikaango chenye waya mwekundu na furushi la fito. Hivyo tu ndivyo alivyovichukua huko. Viatu vilikuwa kwenye boksi lake. Hakuniuliza kama nimesikia habari. Aliniuliza, "Wewe ulijua?"

"Nilisikia. Sikuwa na hakika."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili."

Alihesabu kitu kichwani mwake. Niliona macho yake yakihesabu. "Na viatu ukanisifia," akasema. Akanyanyuka, akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza. Ningependa angeubamiza.

Nilikwenda kwenye mbio. Hilo pia lazima niliandike. Nilijiambia nakwenda kama mwanasayansi anayekwenda kuona matokeo, nikasimama na mchoro wangu umekunjwa chini ya kwapa, kuna upepo, harufu ya mpira uliochomeka na chipsi zenye siki. Keith aliondoka vizuri sana, akashinda raundi tatu. Watu walipiga makofi, nami nikapiga. Wiki chache baadaye walilinunulia gari matairi mapya, mapana zaidi, nalo likaanza kurukaruka tena, mara ya tatu likavunja difu. Gafa alinipigia simu ya nyumbani. Nilikwenda na rula yangu, nikapima kila kitu, na kila kitu kililingana na mchoro mpaka robo inchi. Nilisimama pale nikiwa na vipimo vyote mkononi na sikuwa na sababu ya hata kimoja. Niliporudi niligonga mlango wa Kombo. Wakati huo alikuwa ameshapata kazi kwenye karakana ya mabasi, amevaa ovaroli ya buluu, anakunywa chai. Nilimweleza kuhusu matairi. Nilimuuliza, je, nafasi ya mpira kulia ipunguzwe au iongezwe, na kwa nini.

"Sijui, Msomi," akasema. Kisha, kwa adabu zote za pwani, "Chai?"

Ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Gari waliliuza. Mimi barua ile niliitumia, na niliitumia vizuri. Nafasi ya mafunzo, kisha kazi, kisha nyumba Harborne na pensheni. Yeye alioa, akapata Mwanaisha, akabaki kwenye mabasi mpaka akastaafu. Hatukugombana hata siku moja. Alikuja kwenye harusi yangu, nami nikaenda kwenye yake. Kila Idi nilipanda basi namba kumi na moja, lile linalouzunguka mji mzima, nikashuka Acocks Green, nikapokewa "Karibu, Msomi," nikapewa sahani iliyojaa. Lakini sikuwahi kupata jibu tena. Fundi, hii sauti ya gari langu ni nini? Sijui, Msomi. Fundi, unadhani mvua itanyesha? Sijui. Fundi, Mwanaisha amefaulu mitihani? Muulize mwenyewe, mimi sijui. Alisema kwa tabasamu, mbele za watu, na watu waliona ni mzaha wa wazee wawili. Miaka hamsini. Nilimfundisha jambo moja tu maishani mwangu, nalo ni kwamba swali langu halikuwa salama kujibiwa.

Pale bandani nilimwambia Mwanaisha kwamba ufito ule ni wa gari moja la zamani la Kimarekani. Nikamwonyesha chale: kimo kulia, kimo kushoto, pua ya difu. Alisikiliza kama wanavyosikiliza wauguzi, akingoja sehemu yenye maumivu. Akaweka kidole kwenye chale ya mwisho, ile ya peke yake. "Na hii?"

Nikasema labda ni ya propela, au ya kitu fulani. Alinitazama. Baba yake alikuwa na macho yaleyale. Akachukua ufito, akatoka nao mpaka kwenye gari lake dogo lililosimama mbele ya nyumba, waombolezaji wa mwisho wakiwa bado wanaagana pale getini. Akafungua mlango wa dereva, akakaa. Yeye naye ni mfupi. Kiti chake kimesogezwa mbele kabisa. Akausimika ufito juu ya pedeli ya klachi, akaulaza mpaka kwenye mgongo wa kiti, na chale ya mwisho ikaangukia hasa pale mgongo huo unapoanza, bila kuzidi wala kupungua.

"Ni kiti," akasema kwa Kiingereza. "Ni urefu wa mguu wake, Anko. Alikuwa amejipimia kiti." Kisha akasema, kwa Kiswahili, Kiswahili kizuri ambacho sikujua kama anacho, "Nilipomuuliza hospitali kuhusu hizi fito, alisema nikuulize wewe. Alisema, Msomi ameziandika zote."

"Nimeziandika," nikasema.

"Na hii uliiandika nini?"

Nikamwambia kweli. Niliiandika alama ya kuuliza.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa juu ya klachi, ufito mapajani. "Kwa hiyo aliwahi kuliendesha hilo gari?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Neno la kwanza lililonijia lilikuwa la baba yake, neno fupi, la adabu, ambalo lingetutosha sote wawili mpaka nifike kituo cha basi. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Nilizunguka gari nikafungua mlango wa pili, nikakaa kando yake, nikaufunga, watu wasitusikie. Nikaanza na viatu.